Upande Wenye Moto

Mwanamke ukimwacha kimyakimya, anaweza kukusamehe kimyakimya. Ukimwacha kisha ukamdharau redioni, mji mzima ukisikiliza, usimtafute mtu wa kuwapatanisha. Kocha wa timu ya wanawake ya mtaa wa bondeni aliachwa kisha akadharauliwa redioni, na kumbukumbu zake zilikuwa ndefu kuliko kamba zake za kuanikia nguo.

Kamba, kwa sababu kazi iliyomlisha ilikuwa udobi. Alikuwa na chumba cha mbele cha kupokelea nguo na cha nyuma cha kupigia pasi, na nyuma ya vyote hivyo ua wa saruji wenye nguzo za chuma na jiko kubwa la kuni la kuchemshia mashuka ya nyumba za wageni. Mpira ulikuwa kazi ya jioni. Yeye na mumewe waliianzisha timu wakiwa bado wanapendana, mume akiwa kocha mkuu na mke msaidizi wake. Mume alifundisha kushambulia na kupiga kelele. Mke alifundisha kulinda, na siku za mechi alikaa nyuma ya mumewe akimvuta koti kila alipotaka kuingia uwanjani kumtukana mwamuzi au kufanya mabadiliko ya hasira. Wakapanda daraja hadi ligi kuu kwa mtindo huohuo, na watu wakamsifu mume peke yake, maana mkono unaovuta koti hauonekani kwenye picha.

Halafu klabu kubwa ya upande wa pili wa mji ikamwita mume, naye akaenda. Akaenda na washambuliaji wote, hakubakisha hata wa mbegu. Baada ya muda ndoa nayo ikavunjika, na wa mwisho kufunga begi alikuwa binti yao wa pekee, yule ambaye mashabiki walimwita Kereng'ende kwa jinsi alivyogeuka ghafla na mpira mguuni. Alisema kule kuna nafasi ya kuonekana. Mama akamkunjia jezi zake, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi kuloweka mashuka. Kwa mtoto hakuweka kinyongo, damu ni nzito kuliko maji.

Kinyongo chote alikiweka kwa baba mtu. Na hata hicho kingeweza kupoa, kama mtangazaji mmoja asingemuuliza yule bwana hewani kama anaihofia timu yake ya zamani. Bwana akacheka kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Nihofie nini? Yule mama ni komeo tu. Kazi yake kukaa mlangoni, hata nyumbani alikuwa hivyohivyo. Kushambulia nilikuwa nafikiri mimi."

Redio ilikuwa kwenye rafu juu ya meza ya kupigia pasi. Mkono wa mama ulisimama, pasi ikakaa pale ilipokaa, na moshi ulipompanda puani kitambaa cha meza cha mteja kilikuwa kimeungua alama ya pasi, kahawia, yenye ncha. Mteja aliombwa radhi akapewa kingine. Kile kilichoungua, mama alikipigilia misumari ukutani kwenye chumba cha pasi, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya arusi.

Akaapa. Kama tatizo ni kushambulia, basi atashambulia mpaka yule bwana aombe radhi redioni kulekule. Dawa ya moto ni moto. Lakini kumbuka aliachiwa mabeki watupu. Beki wake wa kati, msichana mwenye mabega mapana ambaye timu nzima ilimwita Kabati, akapelekwa mbele akawe mshambuliaji. Kabati mbele ya goli alikuwa kama kabati kweli: ukimgonga na mpira, unarudi ulikotoka. Mabeki wa pembeni wakaambiwa wapande na wasirudi mpaka waitwe. Kipa, ambaye mchana alikuwa msusi na ndivyo walivyomwita, Msusi, akabaki peke yake nyuma akipiga soga na milingoti.

Mwanzoni mashabiki walifurahi. Walikuwa hawajawahi kuona magoli mengi kiasi hicho, ingawa mengi yalikuwa ya wageni. Timu ilifungwa kwa kishindo, ikafungwa tena kwa heshima, ikashinda mara chache kwa bahati. Kila ilipofungwa, mtu wa redio alimpigia simu yule bwana, na bwana kila mara akasema lilelile: angalau sasa anajaribu kufikiri, mpeni muda. Na kila aliposema hivyo, Jumatatu iliyofuata mama aliongeza mtu mmoja mbele.

Hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda mpaka ikabaki mechi moja, na timu imening'inia ukingoni. Sare ingewabakiza ligi kuu. Kufungwa kungewashusha, na mwenyekiti alikwishasema wazi kwamba ikishuka ataivunja, uwanja wampe mtu mwingine. Na mechi yenyewe ilikuwa dhidi ya nani? Dhidi ya bwana, aliyehitaji ushindi ili abebe kombe. Angelibeba palepale, mbele ya macho ya mkewe wa zamani, kwenye uwanja ambao mama alikuwa akiufagia mwenyewe.

Kikao kikaitwa kwenye chumba cha pasi, kwa kuwa klabu haikuwa na ofisi. Mwenyekiti, muuza vipuri vya magari, alikaa juu ya furushi la mashuka chini ya kile kitambaa kilichoungua. Msusi na Kabati walisimama kwa niaba ya wachezaji. Mwenyekiti alizungumza kwa upole wa mtu aliyekuja kukopa. Alisema dada yangu, siku moja tu, tupaki basi. Tuwarudishe wote nyuma, tubutue mpira mpaka kipenga kilie, mambo ya uzuri tutayaona mwakani.

Mama akaendelea kupiga pasi. Akamjibu kwamba hatakaa mlangoni hata siku moja, kwamba mtu akikuita mwizi huendi kuiba ili umridhishe. Mwenyekiti akasema mashabiki wanataka timu, hawataki majibu. Mama akasema mashabiki hawakuitwa komeo redioni. Wakabishana hivyo mpaka pasi ikapoa, ikatiwa moto tena, ikapoa. Ni Msusi aliyemaliza mjadala. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na alisema akitazama chini.

"Kocha, kila wiki mimi naokota mpira wavuni ili wewe umjibu mumeo. Nimechoka kuwa barua yako."

Mama aliiweka pasi wima. Aliona aibu, na hakuificha. Uso ulimshuka kama nguo iliyoanguka kambani. Alipoinua macho alikitazama kile kitambaa ukutani, akakitazama sana, na kidogo kidogo jambo likamwingia ambalo lilipaswa kumwingia mwanzo wa msimu. Yule bwana hakuwa akimtukana kwa kupenda kutukana. Alikuwa akimchokoza atoke mlangoni. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka, alijua pa kumbonyeza. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ndiye dobi, tena hakukiona.

Aibu ikageuka hasira, lakini hasira ya namna nyingine, isiyo na haraka. Na yeye pia alijua pa kumbonyeza. Alijua kwamba hakuna kitu ambacho bwana yule hakukiweza duniani kama mechi isiyo na goli. Ilimwasha mwili. Angetoa beki, angetoa kiungo, angepeleka watu mbele kama anayefukuza kuku, na safari hii mkono wa kumvuta koti usingekuwepo.

Akasema, "Sawa. Ameniita komeo, tumpe komeo. Nataka siku hiyo mpaka wauza maji wasinzie."

Mwenyekiti alitaka kushangilia, ila Kabati akauliza swali ambalo wote walikuwa wakilikwepa. Aliuliza, na Kereng'ende je? Maana basi unaweza kulipaki utakavyo, lakini yule msichana alikuwa amefunga karibu kila mechi ya msimu, dhidi ya timu zilizojaza watu nyuma na zilizoacha wazi. Mwenyekiti akajitia kutafuta ufunguo wake wa gari. Wote walijua Kereng'ende ni mtoto wa nani.

Mama alitoka hadi uani, nao wakamfuata. Mashuka yalikuwa yameanikwa, meupe, yakikaribia kugusa ardhi. Akauchukua mpira mmoja mkuukuu uliokuwa nyuma ya pipa. Mtoto yule alijifunzia pale, katikati ya nguzo na mashuka, mama akifua. Sheria ilikuwa moja: shuka likiguswa na mpira, analifua mwenyewe. Hapo ndipo alipojifunza kugeuka papo kwa papo, mpira ukiwa umemganda mguuni. Na kulikuwa na sheria ya pili. Upande wa kulia wa nguzo ya mwisho ndipo lilipokuwa jiko, na sufuria la maji yanayochemka. Mama alimkanya tangu akiwa anaanza kutembea: kulia kuna moto. Kulia usiende. Siku moja tu mtoto alisahau, na siku hiyo mama alimchapa mpaka mama mwenyewe akalia. Mtoto hakusahau tena.

Mama akamsimamisha Kabati kwenye nguzo ya mwisho, akamwendea na mpira polepole, akaonyesha.

"Akibanwa atageukia kushoto. Kila mara. Usimsubiri ageuke, tangulia ukasimame kushoto. Kulia muachie wazi."

Kabati akauliza itakuwaje akiamua kwenda kulia, si atabaki yeye na Msusi?

"Hataenda," mama alisema. "Nilimkataza mimi."

Aliyasema hayo sauti ikiwa kavu, na Kabati akasogea akasimama kushoto. Wakafanya mazoezi hapo uani siku zote zilizobaki, mama akiwa ndiye Kereng'ende, akigeuka na magoti yake ya utu uzima katikati ya mashuka ya wageni. Alikuwa akimuuza mwanawe na alijua anamuuza. Lakini kila alipotaka kuacha, alipita chumba cha pasi kuchukua maji, akakiona kitambaa.

Mtihani mkubwa ulikuja siku ya kuamkia mechi. Binti alipiga simu, kama alivyopiga kila wiki. Kwa kawaida hawakuzungumza mpira. Walizungumza kikohozi cha mama na nywele za binti. Safari hii binti hakujizuia. Alisema wateuzi wa timu ya taifa watakuja kumtazama, yeye hasa, wamemtaja kwa jina. Alicheka akisema hata kama tutakufunga, mama, usininunie. Mama alikuwa ameshika simu kwa bega huku mikono iko kwenye povu. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Angeweza kusema mwanangu, jifunze kugeukia kulia. Akamwambia ale vizuri na alale mapema.

Ikafika siku yenyewe, na kwa kweli hakuna haja ya kuisimulia mechi ile kwa urefu, maana hapakuwa na cha kusimulia. Watu kumi wa mtaa wa bondeni walikaa mbele ya goli lao kama ndugu kwenye picha ya familia. Mpira ukija, unabutuliwa. Ukirudi, unabutuliwa. Kila wa kurushwa ulirushwa baada ya kufutwa kwa jezi pande zote. Mashabiki wa wageni walizomea, wa nyumbani wakaona haya kidogo, kisha wakazoea, kisha wakaanza kushangilia kila mpira uliopotelea juu ya paa la shule. Mama alikaa kwenye benchi, mikono mapajani, ametulia.

Bwana hakutulia. Kipindi cha pili hakijachanganya alikwishavua koti. Akatoa beki, akaingiza mshambuliaji. Akatoa kiungo mkabaji, akaingiza mwingine. Akawafokea wachezaji wake, akamfokea mwamuzi, akaonyeshwa kadi, akaipiga teke ndoo ya maji. Msaidizi wake, kijana wa watu, alikaa mbali naye na kutazama viatu. Mama aliona yote hayo, na utamu ulimpanda kifuani akauachia. Nani kasema kisasi hakina ladha? Anayesema hivyo hajawahi kukaa benchi la pili akimtazama aliyemtukana akipigana na ndoo.

Na Kereng'ende? Maskini, alihangaika. Kila alipopokea mpira akabanwa, aligeukia kushoto, na kila alipogeukia kushoto alimkuta Kabati amekwishafika, ametia mguu, ameondoka na mpira. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili alimtazama Kabati usoni. Baada ya hapo alianza kutazama benchi la mama yake. Mama akakwepesha macho.

Karibu na mwisho ukaja mpira mmoja. Kiungo wao alimpenyezea Kereng'ende katikati ya watu wawili, akautuliza, akampa mgongo Kabati. Upande wake wa kulia hapakuwa na mtu. Nyasi tupu mpaka kwa Msusi. Uwanja mzima uliona, watu wakasimama wakipiga kelele kulia, kulia. Mama naye alijikuta amesimama, na hata leo hawezi kukuambia alisimama kuomba nini. Msichana aliinua mguu. Bega likaelekea kulia, kidogo tu, kama anayetaka kuchungulia chumba alichokatazwa. Kisha akageukia kushoto.

Kabati alibutua mpira ule ukavuka ukuta.

Bwana akamtoa mtoto wake palepale. Hakusubiri afike kwenye mstari. Alimfuata uwanjani, kidole kikiwa kimeelekea usoni pake, na sauti yake ilifika hadi kwenye jukwaa la mbali.

"Uoga huo umeurithi kwa mama yako. Komeo huzaa komeo."

Mama aliyajua maneno hayo. Si maneno tu, hata kile kidole alikijua, na namna ya kusimama yule bwana akiwa ameuma meno, na namna mtu anayesemwa hivyo anavyotazama kamba za viatu vyake ili machozi yasionekane. Miaka yote alikuwa amesimama pale aliposimama mtoto. Na sasa mtoto amesimama pale, na aliyemsukuma ni yeye. Utamu ule ulikuwa bado upo kifuani, ila ulikuwa umeingia mchanga.

Kipenga kikalia, suluhu. Kombe likaenda kwa watu wengine kabisa ambao hata hawakuwepo. Mwenyekiti alijaribu kumbeba Msusi juujuu akashindwa, wakaanguka wote wawili. Mashabiki waliimba "Komeo! Komeo!" wakiwa wamemzunguka mama, na neno lile sasa lilikuwa sifa. Mama akapita katikati yao hadi kwa bwana, akampa mkono. Bwana hakuupokea. Alilalamika kwamba ule si mpira, ni dhuluma, kwamba amehujumiwa na mwamuzi, na nyasi, na watu wasiojua kucheza. Mtenda akitendewa hujiona ameonewa.

"Wenzako watakutafuta redioni," mama alimwambia. "Ukifika, wape salamu za komeo."

Aliyangojea maneno hayo msimu mzima. Aliyasema, yakatoka vizuri, na yalipokwisha kutoka hakujua afanye nini na mkono wake.

Binti alikuwa nyuma ya vyoo, kwenye bomba, akiosha matope miguuni. Wenzake walikuwa wamekwishapanda gari lao. Mama alipomkaribia hakugeuka. Akafunga maji, akakamua soksi moja, akaikunja vizuri kama alivyofunzwa, akakamua ya pili.

"Uliwafundisha," alisema.

Mama angeweza kukana. Kabati angemlinda, hata mwenyekiti angeapa. "Niliwafundisha," alisema.

"Uani?"

"Uani."

Msichana akatikisa kichwa polepole, kama mteja aliyeonyeshwa alama ya pasi kwenye nguo yake na kuambiwa haitatoka. Wateuzi walikuwa wamekwishaondoka. Vumbi la gari lao lilikuwa bado linatua getini. Mama alinyoosha mkono amshike bega, na bega likasogea. Akaanza kusema kwamba haikuwa kwa ajili yake, kwamba ilikuwa kwa baba yake, na kwa timu, ingevunjwa. Binti alimwacha amalize. Macho yake yalikuwa makavu sasa, na mama aliyatambua mara moja, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakimtazama yeye kwenye kioo tangu siku ya redio. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

"Si hamkushuka?" binti aliuliza.

"Hatukushuka."

"Basi mwakani tutakutana." Akalitupia begi begani. "Kulia kuna moto, mama, nimesikia tangu mdogo. Leo nimeungua kushoto. Mwakani napita kulia."

Akaondoka bila kukimbia. Mama alimtazama mpaka alipopanda gari la wenzake, na alilia, alilia kweli, ameshikilia lile bomba. Huku nyuma walikuwa wakimwita aje wapige picha. Alijifuta kwa khanga, akajikuta anawaza kwamba Kabati ni mzito upande huo, na kwamba kabla ya msimu kuanza itabidi atafute mtu mwepesi wa kusimama kulia.